Asubuhi: Chai Tu

Jumatatu, 1 Februari 2016

Daktari wa goti ni mtu mkavu. Usoni hakunitazama kabisa. Kalitazama goti, kisha kaitazama mizani. Kilo tisini na tisa. Kasema hospitali haimpasui mtu wa kimo changu mpaka ashuke tisini na sita. Nafasi yangu ya goti jipya iko mwezi wa Machi, lakini nipimwe tena Jumatatu ya tarehe 22. Nikiwa sijashuka, nafasi anapewa mwingine na mimi narudi mkiani mwa foleni. Nikauliza foleni yenyewe ina urefu gani. Mwaka, kasema, au zaidi.

Kilo tatu! Mtu mzima mie, miaka kumi na tisa nimeendesha basi Landani hii bila kumkwaruza mtu, leo nanyimwa goti kwa kilo tatu!

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa lishe. Nikategemea mzungu mwembamba. Kumbe binti wa kwetu, Peris, wazazi wake Wakenya, mwenyewe kazaliwa hapa na kukulia Hounslow. Kuona kwenye karatasi kwamba lugha yangu Kiswahili, kafurahi, kaniuliza "habari ya wewe". Nikamjibu nzuri ya mimi. Kasema nyumbani kwao Kiswahili wanakisikia tu, wakijibu wanajibu Kiingereza, na sasa anaona haya. Basi kanipa fomu ya wiki nzima niandike kila ninachokula, kaniomba niandike kwa Kiswahili apate mazoezi.

Heshima hiyo nimeipenda. Nitaandika kwa mwandiko mzuri.

Jumanne, 2 Februari

Kazija, mke wangu, katoka mapema kwenda kulea wazee wa watu. Kabla ya kutoka kanivisha soksi. Goti halikunji, miguu yangu siifikii. Mwaka wa pili huu nanyoosha mguu kama mtoto wa chekechea na yeye anapiga magoti mbele yangu na koti lake la kazini. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Nimekunywa chai. Chapati tatu, mbaazi za nazi zilizobaki jana, mayai mawili, na kitumbua kimoja kilichobaki peke yake sahanini, kinatia huruma. Kwenye fomu nikaandika: Asubuhi: chai tu.

Kazini. Tangu goti liharibike wamenitoa kwenye usukani wakaniweka chumba cha vitu vilivyosahauliwa mabasini. Nakaa na miavuli mia tatu na seti mbili za meno ya bandia. Mchana sikula. Nilitafuna tu. Tarsem, mwenzangu wa chumba hicho, kaleta sambusa nne alizokaanga mama yake, na kukataa ni kumvunjia heshima mama wa watu. Nikashushia na biskuti. Lakini kula, sikula! Chakula ni wali, nani asiyejua? Fomu: Mchana: sikula.

Usiku: wali kidogo. Kazija kauliza kidogo gani hicho, mbona sufuria anaona chini yake. Nikaifunika fomu kwa mkono. Fomu ni siri baina yangu na kliniki.

Jumamosi, 6 Februari

Sokoni Walthamstow, dukani kwa Shiraz. Huyu tumezaliwa naye mtaa mmoja Unguja, tumechapwa fimbo na mwalimu mmoja, na hata Landani nimeshindwa kumkimbia. Mwaka jana kapitia kliniki ile ile, kapungua kilo kumi na moja, kapata goti jipya. Tangu siku hiyo duka lake limegeuka. Kila ninachotaka kiko rafu ya chini kabisa. Unga, chini. Mbaazi, chini. Nikiagiza, anachuchumaa! Anakwenda chini polepole, anakaa huko anachagua, ananitazama kutoka chini, kisha anainuka bila kushika kitu. Leo nimemtaka kiberiti. Kiberiti nacho kimehamia chini.

Kaniuliza naendeleaje na kliniki. Nikatoa fomu mfukoni aone mtu anayejinyima. Kaisoma, kacheka mpaka kajifuta macho. Kisha kauliza, Vuai bwana, hii chai unayoandika ni chai gani? Nikamwambia chai ni chai, kwani zipo ngapi? Kasema yule mtoto kazaliwa hapa, hajui, nimwambie chai ya kwetu ina nini ndani yake.

Wivu. Anaogopa na mimi nitachuchumaa. Nimeondoka bila kuchukua chenji, ikabidi nirudi kuichukua, na heshima yote ikapotea.

Jumatatu, 8 Februari

Sikuamini masikio yangu. Naandika haraka nisisahau hata neno.

Peris kasoma fomu yangu kwa kidole, neno kwa neno, kisha kapiga hesabu. Kapiga tena. Rangi ikambadilika. Kasema kwa wiki nzima nimekula kalori mia saba kwa siku, na mtoto wa shule ya msingi anakula zaidi yangu. Kauliza kama nyumbani tuna shida yoyote. Kauliza kwa upole mpaka nikajionea huruma mwenyewe. Nikamwambia ndiyo hivyo, mwanangu, tunajikaza.

Kilo bado tisini na tisa. Hilo limemtatiza kidogo. Lakini kasema mtu akijinyima kiasi hiki misuli inakwisha, nguvu za kutembea hana, na siku akishindwa analivamia jokofu. Kwa hiyo kalori NIONGEZE. Nimemwomba arudie. Karudia. Niongeze, ila kwa vitu vya maana: uji wa oti, embe mafuta nusu, yaani parachichi, korosho za kujaza kiganja, maharage, samaki, mtindi, kijiko cha mafuta ya zeituni kwenye kachumbari. Nifike elfu moja na mia saba. Nisikae na njaa. Uzito utashuka taratibu na sitadhoofika. Kaniandikia yote kwenye karatasi yenye nembo ya kliniki.

Nchi nzuri hii! Daktari kaninyima, mtoto wa Hounslow kanifungulia. Wiki ijayo ana mafunzo, kwa hiyo tutaonana siku yenyewe, tarehe 22.

Jumanne, 9 Februari

Nimeanza. Nimekunywa chai yangu kama kawaida, kisha nikaongeza. Uji wa oti bakuli moja. Embe mafuta. Korosho.

Kazija kaniona kabla hajatoka, kauliza kuna nini. Nikamwonyesha karatasi. Kaisoma, kasema mbona hii inaonekana ni chakula cha siku nzima, siyo cha kuongeza juu ya chapati. Nikamweleza, kwa utaratibu kabisa, kwamba kuongeza maana yake ni kuweka juu ya kilichopo. Hicho ni Kiswahili cha darasa la kwanza. Kama angetaka nibadilishe angesema badilisha. Kauliza nimemweleza huyo binti asubuhi nakula nini. Nikasema kila kitu kimeandikwa. Kanivisha soksi, katoka.

Mbona watu wote wanataka kujua habari za chai yangu?

Alhamisi, 11 Februari

Kazi nzito hii. Sikujua afya inachosha hivi. Nimekunywa chai saa moja, uji saa mbili, korosho saa nne, sambusa za mama Tarsem saa sita, maharage ya karatasi ya Peris saa saba, mtindi saa tisa. Jioni samaki wa karatasi, halafu wali, maana samaki bila wali ni dawa. Mafuta ya zeituni kijiko kimoja. Kijiko cha kupakulia, kwani hakusema kijiko gani.

Tarsem kasema anaona shati langu linavuta kifungo. Nimemwambia ni misuli inarudi.

Ijumaa, 12 Februari

Leo sina hamu ya kucheka.

Msikitini. Nimeingia, na kabla sijatafuta pa kukaa, kijana mmoja nisiyemjua kashaniletea kiti. Kakiweka nyuma kabisa, kwenye safu ya viti, baina ya mzee mwenye mtungi wa oksijeni na mzee asiyesikia. Nina miaka hamsini na nane! Yule kijana hakukosea, ndicho kilichoniuma. Kaniona ninavyotembea.

Wenzangu walipokwenda chini kusujudu nikabaki nimeinama kitini, natazama migongo ya watu. Mwaka wa pili paji la uso wangu halijagusa zulia. Nalitaka lile zulia. Naliandika neno hili mara moja, sirudii. Soksi nitavumilia, ngazi za stesheni nitavumilia, hata Shiraz nitamvumilia. Hili sivumilii. Nataka nishuke chini mwenyewe na niinuke mwenyewe.

Nikarudi nyumbani nikaongeza embe mafuta moja zima.

Jumatano, 17 Februari

Mungu kanitazama! Dereva wa asubuhi kaleta mzigo wa vitu vilivyosahauliwa, na ndani yake kuna nini? Mizani! Ya bafuni, ya kioo, mpya. Nani anasahau mizani kwenye basi? Tarsem kasema huyo hakusahau, kaitupa. Shauri yake.

Nikaiweka hapo hapo chumbani kwetu, juu ya zulia, nikavua viatu, nikapanda. Tisini na tano! Nikashuka, nikapanda tena. Tisini na tano! Nimepita hata wanapopataka, na siku bado tano. Nimemkumbatia Tarsem, miavuli ikaanguka.

Nimempigia Kazija simu kazini, jambo ambalo hataki. Nikamwambia likizo yake aliyoiomba ya Machi, wiki mbili za kuniuguza, aithibitishe, asiwe na wasiwasi. Kasema alhamdulillahi, na sauti yake ikakatika. Msimamizi wake alimzungusha miezi miwili kabla ya kumpa likizo hiyo.

Jumamosi, 20 Februari

Nimekwenda kwa Shiraz kumpa habari. Nikaagiza mchele wa biriani, samli na zabibu kavu. Kachuchumaa mara tatu. Leo hakuniumiza, nikamwambia achuchumae tu, Machi haiko mbali. Kauliza biriani ya nini na Jumatatu napimwa. Nikamwambia nina kilo moja ya ziada, naweza kuitumia nipendavyo. Kauliza nimeipimia wapi. Nikasema kazini. Kalitazama tumbo langu, kanipimia samli.

Biriani imetoka vizuri sana. Kazija kala sahani moja. Mimi nimesherehekea kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu, 22 Februari

Nimekaa saa nzima na kalamu mkononi.

Tulikwenda wawili, Kazija alikuwa na siku ya mapumziko. Kavaa vizuri. Kaja na kidaftari cha kuandika mambo ya upasuaji: bandeji, dawa, siku za kutoinuka.

Nikapanda mizani. Mia moja na mbili.

Nikamwambia Peris mizani yake mbovu. Kaleta nyingine. Mia moja na mbili. Nikasema ya kazini kwangu inasema tisini na tano, na ni ya kioo. Kauliza imewekwa juu ya nini. Nikasema zulia. Kafumba macho. Kasema mizani kama hiyo ikiwekwa juu ya zulia haisemi kweli. Basi yule mwenye mizani hakusahau kitu, kaitupa!

Peris alikuwa amefadhaika kuliko mimi. Kamgeukia Kazija, kajaribu kwa Kiswahili chake, kasema haelewi, bwana yako asubuhi anakunywa chai tu, mchana hakuli, usiku wali kidogo, kwa nini haipungui? Kazija kauliza, chai tu? Peris kasema ndiyo, chai tu, na kamwonyesha fomu.

Kazija kaisoma. Kacheka. Kacheka mpaka kashika ukuta, muuguzi mmoja kachungulia mlangoni. Halafu ghafla kicheko kikakatika, kakaa kitini, kaanza kumweleza yule mtoto kwa utaratibu. Kwetu kunywa chai siyo kunywa chai. Kunywa chai ni chakula cha asubuhi, na chai yenyewe ndiyo kitu kidogo kuliko vyote mezani. Kisha kahesabu kwa vidole, chapati ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbaazi, nazi, mayai, kitumbua, na Peris anapiga hesabu kwenye kompyuta. Zile mia saba ziliisha kabla ya mbaazi. Chai peke yake ikafika elfu moja na mia tano. Nikasema kitumbua siyo kila siku. Hakuna aliyeniangalia.

Nikasema kosa siyo langu, nimeambiwa niandike ninachokula, nami chai nakunywa.

Peris hakukasirika. Machozi yakamlengalenga. Kasema bibi yake wa Kenya, kila akipiga simu, alikuwa akimwuliza kama amekunywa chai. Na yeye, miaka yote, akimjibu kwamba hapendi chai. Bibi akilia kwenye simu, na hakuna aliyejua analilia nini. Kazija kamshika mkono. Wakalia wote wawili kidogo, na mimi nimesimama na soksi, mwenye goti bovu, nimesahauliwa kabisa.

Nafasi ya Machi kapewa mwingine. Peris kaenda kwa yule daktari mkavu mara mbili kuniombea, mlango umefungwa, tunasikia sauti yake tu. Karudi na hili: nimepewa mpaka Jumatatu ya tarehe 11 Aprili. Nikishuka, wananitafutia goti Mei. Nisiposhuka, mkiani mwa foleni, na safari hii hataweza kuniombea. Karatasi ile ile inabaki: uji, maharage, samaki, korosho za kujaza kiganja. Lakini BADALA YA chapati, siyo juu yake. Kaliandika neno hilo kwa herufi kubwa, kalipigia mstari. Na chai basi. Chai ya kwetu, kasema, marufuku. Ninywe maji, au kahawa nyeusi, ambayo haina kalori ya kuhesabika.

Ndani ya basi Kazija hakunilaumu. Katoa kidaftari, kakitazama, kakirudisha mkobani. Kasema kesho atamwambia msimamizi wake hiyo likizo haihitaji tena. Nikamshika mkono nikamwapia, wallahi, chai sigusi mpaka nisujudu. Kasema haya.

Nimeapa. Na mie nikiapa nimeapa.

Jumanne, 23 Februari

Mtu mpya!

Nimeamka na nia. Kazija kazificha chapati zote, na hakuna haja, hata sikuzitafuta sana. Kanivisha soksi. Nikamwambia awe na raha. Nimekunywa uji wa oti mbele yake, bila sukari, uso mkunjufu, kaenda kazini ametulia.

Kisha nikapita kwa Shiraz. Habari alikuwa nazo tayari, soko zima linazo, lakini hakucheka. Kasema pole, na kaisema kwa moyo. Nikamwambia yamekwisha, chai nimeacha kwa kiapo, sasa nakunywa kahawa kwa amri ya kliniki. Nikaagiza buni. Nikaagiza na halua, ile nyeusi ya lozi, maana kahawa chungu bila halua ni adhabu. Na kashata za nazi. Na tende, ni sunna. Na mkate wa ufuta mmoja, wa kushikia halua isichafue vidole. Kachuchumaa, kabaki chini huko ananitazama na halua mkononi. Kaniita, Vuai bwana. Nikamwambia afunge mzigo, nachelewa kazini.

Nimenywea kazini, taratibu, na Tarsem. Hakuna chapati. Hakuna mbaazi. Kitumbua hata harufu yake sikuisikia. Nilikuwa sijui kwamba nina moyo wa namna hii. Aprili nitakwenda chini mwenyewe na nitainuka mwenyewe.

Kisha nikatoa fomu mpya, nikaijaza kwa mwandiko mzuri, Peris asije akababaika tena:

Asubuhi: uji. Chai sikunywa. Kahawa tu.